Chupa ya mjomba haikufika miaka 26

Chupa ilitoka kabatini imeviringishwa taulo, kama mtoto anayetolewa bafuni. Mjomba aliiweka mezani katikati ya sahani za karanga, akahakikisha wote tunatazama, kisha akasema: "Hii niliinunua Brussels mwaka 2009. Ilikuwa ya miaka kumi. Sasa hesabuni wenyewe." Tulikuwa Kampemba, hapa Lubumbashi, jioni ya siku ambayo binamu yangu alitolewa mahari, na hesabu ikapigwa kwa sauti na meza nzima. Kumi, na kumi na sita juu yake: ishirini na sita. "Njo maana nilikuwa naichunga," mjomba akamalizia, akaanza kutafuta glasi.

Mimi nikanyamaza; mtu hamsahihishi mjomba wake mbele ya wakwe. Lakini hesabu ile ilikuwa na makosa mawili, na karibu kila mtu wa Lubumbashi ninayekutana naye akiwa ndiyo kwanza anaanza kupenda porto ya Tawny, divai tamu ya Ureno inayozeeka kwenye pipa, huyabeba yote mawili. La kwanza, ile 10 ya kwenye lebo haikuwa umri kwa namna aliyoidhani. La pili, divai ile iliacha kukua siku ilipotiwa ndani ya chupa. Ukishayafungua mafundo hayo mawili, mengine ya Tawny yanaeleweka bila tabu, na muuzaji hali tena dola zako kirahisi.

Munkoyo iliyosimamishwa njiani

Porto ni divai ya zabibu kutoka bonde la mto Douro, kaskazini mwa Ureno. Jina limetoka kwa mji wa Porto, pale mto unapoingia baharini. Mipaka ya eneo hilo ilichorwa mwaka 1756 kwa amri ya Marquês de Pombal, na sababu mojawapo ilikuwa wizi: watu walikuwa wanatia rangi ya matunda mengine kwenye divai hafifu ili ionekane nzito. Udanganyifu wa chupa, basi, si jambo lililozaliwa kwenye maduka yetu.

Ili kuelewa utamu wake, fikiria munkoyo, kinywaji chetu cha mahindi na mizizi. Siku ya kwanza ni tamu, hata mtoto anapewa. Ukiiacha inaanza kuchachuka, na kila siku inayopita utamu unapungua na ukali unapanda, kwa sababu vijidudu vya uchachu vinakula sukari. Maji ya zabibu nayo hufanya hivyo hivyo. Ukiyaacha hadi mwisho unapata divai kavu, isiyo na sukari. Watu wa Douro hawasubiri. Baada ya siku mbili tatu, sukari ikiwa imeliwa kama nusu, wanamimina pombe ya zabibu iliyokenekwa, yenye nguvu ya asilimia 77. Uchachu unakufa papo hapo, na sukari iliyobaki inabaki milele. Kwa pipa moja la lita 550, karibu lita 115 ni hiyo pombe kali na nyingine ni maji ya zabibu yaliyoanza kuchachuka. Matokeo yake ni divai tamu yenye asilimia 19 hadi 22 za pombe. Ni kama mtu amemwaga lutuku, pombe kali ya kienyeji, ndani ya munkoyo ya siku ya pili, ila tafadhali usijaribu, lutuku ya mtaani hakuna anayejua ndani yake mna nini.

Hapo divai ni changa, nyekundu iliyokoza, kali kidogo. Haijawa Tawny wala kitu kingine. Kinachofuata ndicho kinachogawa ukoo wa porto mara mbili.

Pipa na chupa

Njia ya kwanza ni ya kuilinda divai isikutane na hewa. Ruby ya kawaida hukaa kwenye matangi makubwa kwa muda mfupi na kutoka ikiwa bado nyekundu na yenye ladha ya matunda mabichi. Ndugu yake mkubwa ni Vintage: divai ya mwaka mmoja uliokuwa mzuri sana, inakaa kwenye mbao kama miaka miwili tu, kisha inafungwa ndani ya chupa bila kuchujwa, na kuzeeka humo humo gizani kwa miaka 20, 40, wakati mwingine zaidi. Hiyo ndiyo porto ambayo mjomba angeweza kuiviringisha taulo na kuisubiri. Ina machicha chini, inabidi kumiminwa taratibu kwenye chombo kingine, na ikishafunguliwa inataka kuisha ndani ya siku mbili tatu.

Njia ya pili ni kinyume kabisa. Tawny inaachwa ikutane na hewa, kidogo kidogo, kwa miaka, ndani ya mapipa ya mbao. Mapipa yenyewe ni ya zamani, kwa makusudi: mbao mpya ingetia ladha yake, na hawaitaki. Wanachotaka ni vile vitundu visivyoonekana vya mbao, vinavyopitisha hewa kuingia na mvuke kutoka. (Kwa wanaopenda maneno: "pipa" na "mvinyo" Waswahili wa pwani waliyapata kwa Wareno. Sisi huku tukasema "divai", neno lililotoka Kifaransa. Kwa hiyo unaposema pipa la Douro, unasema Kireno bila kujua.)

Ndani ya pipa kunatokea mambo matatu kwa pamoja. Rangi nyekundu inashikana na kuzama chini kama tope, na divai inapauka kuelekea kahawia. Tawny lenyewe ni jina la Kiingereza la rangi ile ya manyoya ya simba. Harufu za matunda mabichi zinageuka kuwa za karanga, sukari iliyoungua na matunda makavu. Na maji pamoja na pombe vinavukia hewani. Wafaransa huita hasara hiyo fungu la malaika. Tuseme pipa linapoteza asilimia 2 kwa mwaka, kiasi kinachotajwa mara nyingi. Baada ya miaka 20 imebaki theluthi mbili. Baada ya 40, chini ya nusu. Sukari na asidi, yaani ule uchachu wa ulimini, havivukii, kwa hiyo kilichobaki ni kizito zaidi, kitamu zaidi, lakini pia chenye makali yanayokufanya usichoke na huo utamu. Ukiuliza kwa nini Tawny ya miaka 40 ina bei inayokunja uso, jibu la kwanza ni hilo: nusu ya mali imekwenda mbinguni, na pesa imekaa ghalani miaka 40 bila kuzaa kitu.

Mahali pipa linapolala pana uzito wake pia. Desturi ilikuwa kushusha divai hadi Vila Nova de Gaia, ng'ambo ya mto mkabala na mji wa Porto, ambako upepo wa bahari unaleta ubaridi na unyevu. Hadi mwaka 1986 porto ya kuuzwa nje ya nchi ilipaswa kupitia huko. Juu bondeni Douro kuna joto kali, na divai inayolala huko inakimbia kuzeeka, inapata ladha iliyoungua zaidi. Kuna wanaoipenda hivyo. Mimi nipe ya Gaia.

Sasa rudi kwenye chupa ya mjomba. Hewa inayoingia kwenye pipa haiingii kwenye chupa, au inaingia kidogo mno. Mvuke hautoki. Tawny inapotiwa kwenye chupa imeshamaliza safari yake. Kioo kinaihifadhi tu, na hata kuihifadhi hakufanyi kikamilifu. Miaka michache hakuna neno. Ikipita kumi, ile harufu ya ganda la chungwa na karanga mbichi inaanza kulala. Wapo wapenzi wanaodai kwamba Tawny iliyokaa sana kwenye chupa inapata upole fulani. Nimeonja kadhaa na sijauona, ingawa sibishani na ulimi wa mtu.

Namba ya kwenye lebo

Hapa ndipo fundo lilipokaza. Tawny zenye namba ni za miaka 10, 20, 30 na 40, na katika miaka ya karibuni imeongezwa 50, pamoja na daraja la juu kabisa la divai zilizopita miaka 80. Watu wengi wanadhani 20 maana yake ndani hamna tone lililo chini ya miaka 20, kama ilivyo kwa wiski. Sivyo. Wengine, waliosoma kidogo, watakuambia ni wastani wa umri. Hiyo inakaribia, lakini nayo haijafika.

Mchanganyaji mkuu wa nyumba ya divai ana mamia ya mapipa ya umri tofauti. Anachukua ya miaka 12 yenye matunda, ya miaka 35 yenye uzito, kidogo ya miaka 60 iliyo kama asali ya dawa, anachanganya mpaka apate ladha ambayo nyumba yake imekuwa ikiiuza kwa jina hilo tangu zamani. Kisha anapeleka sampuli kwa taasisi ya serikali inayosimamia divai za Douro na Porto, inayojulikana kwa herufi IVDP. Huko kuna jopo la waonjaji. Wanaonja bila kujua glasi ni ya nani, na swali lao ni moja: je, divai hii ina tabia ya Tawny ya miaka 20? Wakikubali, lebo inapata 20. Wakikataa, arudi ghalani.

Mtu aliyesoma Kongo ataelewa haraka nikimwambia hivi: namba ile ni kama diploma ya Exetat, mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari. Haisemi ulizaliwa mwaka gani. Inasema uliketi mbele ya watahini wakaona unastahili daraja hilo. Darasani kuna wa miaka 17 na kuna wa 22, na wote wanatoka na karatasi moja.

Ndiyo sababu Tawny mbili za miaka 20 kutoka nyumba mbili zinaweza kutofautiana kama ndugu wa mama mbalimbali. Ramos Pinto wana ya kwao wanayoiita Quinta do Bom Retiro, na Ferreira wana Duque de Bragança, na ukiziweka pamoja utaona kila nyumba ina mkono wake. Taylor's, Graham's, Sandeman, Niepoort, kila mmoja ana namna yake ya kuifikia hiyo 20.

Kama unataka umri wa kweli, unaohesabika, tafuta neno Colheita. Kwa Kireno ni mavuno. Hiyo ni Tawny ya mwaka mmoja tu, iliyokaa kwenye mbao miaka isiyopungua saba, na lebo lazima itaje mwaka wa mavuno na mwaka wa kutiwa kwenye chupa. Toa mmoja kwenye mwingine, umepata umri. Lakini angalia mtego ulio hapo: Colheita 2003 iliyofungwa mwaka 2010 ilikaa pipani miaka saba, na Colheita 2003 iliyofungwa mwaka 2021 ilikaa kumi na minane. Zabibu ni zile zile, mwaka ule ule kwa herufi kubwa mbele ya lebo, divai mbili mbalimbali. Muuzaji asiyejua anaziuza bei moja. Nyumba ya Kopke, inayohesabu mwanzo wake kutoka 1638, inasifika hasa kwa Colheita.

Na Tawny isiyo na namba wala mwaka, ile iliyojaa kwenye maduka yetu kwa bei nafuu? Hiyo haijakaa sana pipani, mara nyingi miaka mitatu hivi. Wepesi wake wa rangi unatokana zaidi na zabibu nyepesi au kukamuliwa kwa haraka kuliko uzee. Inafaa kwa barafu kabla ya chakula, kama Wabelgiji walivyotuzoesha. Neno Reserva juu yake lina maana, angalau miaka sita kwenye mbao. Maneno mengine ya kupamba, usiyalipie.

Glasi tatu juu ya karatasi nyeupe

Njia bora ya kujifunza ni kuweka 10, 20 na 30 au 40 pamoja. Bei yake haishikiki kwa mtu mmoja, ndiyo maana sisi tulianzisha likelemba, mchezo wa kuchangiana pesa kwa zamu. Tuko sita. Tofauti na likelemba ya kawaida, pesa hapokei mtu, zinanunua chupa. Kila miezi mitatu michango inakusanywa, anayesafiri kwenda Johannesburg au Ulaya anabeba orodha. Chupa moja ya mililita 750 inatoa glasi kumi ndogo bila ubahili, kwa hiyo sita wanaonja na bado kuna ya kurudia.

Tumia glasi ya divai nyeupe, ile inayobana kidogo juu. Vile viglasi vidogo vya kuonea huruma havina nafasi ya pua. Ubaridi uwe wa nyuzi 12 hadi 14. Mwezi wa sita na wa saba hapa Lubumbashi huhitaji kufanya chochote: acha chupa usiku mezani, asubuhi iko sawasawa. Mwezi wa kumi, jua la kungojea mvua linapochoma, iweke kwenye friji saa moja, au kwenye ndoo ya maji umeme ukikatika. Ikiwa ya moto, pombe inaruka puani na huoni kingine.

Weka glasi juu ya karatasi nyeupe, uilaze kidogo, utazame ukingoni. Ya 10 bado ina wekundu katikati, kama tofali lililolowa. Ya 20 ni shaba iliyosuguliwa, rangi ambayo mtu wa mji huu haitaji kuelezwa. Ya 40 ni kahawia ya kahawa nyepesi, na pembeni kabisa, pale divai inapogusana na kioo, kuna mstari mwembamba wa kijani. Mara ya kwanza nilidhani glasi ni chafu. Nikafuta, nikamimina tena, ukijani ukarudi. Hiyo ni alama ya uzee wa mbao, na shaba ya zamani nayo huota kijani. Sikuwahi kuona vitu viwili vinavyoelewana hivyo bila kujuana.

Kisha pua. Kwenye 10 bado unakutana na zabibu kavu, tini, kidogo cha cheri. Kwenye 20 matunda yanarudi nyuma na karanga zinakuja mbele, pamoja na ganda la chungwa lililokauka na sukari iliyoungua chini ya sufuria. Kwenye 30 na kuendelea kuna harufu moja ambayo wengi wanashindwa kuitaja, kati ya asali nyeusi ya porini na bizari. Nenda duka la Wahindi, ununue uwatu, uuponde kidogo kiganjani, unuse. Ni hiyo. Kuna kemikali inayoitwa sotoloni, ndiyo inayoupa uwatu harufu yake, na inaongezeka ndani ya porto kadiri inavyokaa pipani. Nilipompa uwatu rafiki yangu aliyekuwa anasema "nasikia tu pombe", alirudi kwenye glasi ya 40 akacheka peke yake.

Utasikia pia kitu kama disolvan ya kutolea rangi kwenye kucha. Kidogo chake ni kawaida kwa Tawny nzee, kinainua harufu nyingine. Kikiwa ndicho cha kwanza na cha mwisho, divai imekwenda.

Mdomoni, usikimbilie utamu, wote ni watamu. Sikiliza kinachotokea baada ya kumeza. Tawny ya kawaida inaondoka na kuacha sukari kwenye ulimi kama fanta. Ya 20 nzuri inabaki, karanga kwanza, chungwa baadaye, na mate yanakujaa kwa sababu ya uchachu wake. Hesabu polepole, kama baada ya dakika moja bado ipo, mchanganyaji alifanya kazi.

Ukiniuliza wapi pa kuweka pesa, nitasema 20, bila kufikiri sana. Ya 10 ni ya furaha na ya kila mwezi. Ya 40 ni ya kunusa zaidi kuliko ya kunywa, glasi moja na usiku umekwisha. Ya 30 mara nyingi naiona imekaa katikati, imepoteza uchangamfu wa 20 na haijafika kwenye kina cha 40, huku bei yake ikiwa karibu maradufu ya 20. Kila mtu na mfuko wake.

Kuhusu chakula nitasema moja tu. Vitabu vinataja jibini ngumu na keki ya mlozi. Sisi tuliweka sahani ya mafinkubala, viwavi vya kuliwa, yaliyokaushwa na kukaangwa kwa chumvi, yakiwa bado yanalia kwenye meno, pamoja na Tawny ya 20 iliyopoa. Chumvi na ule ukaranga wa wadudu vilivyoshikana na divai ile, sijaona jibini iliyofanya hivyo.

Kugeuza chupa dukani

Mtu anayenunua hapa mjini aanze kwa kugeuza chupa. Mbele kuna namba, nyuma kuna ukweli. Kwenye Tawny yenye namba, na kwenye Colheita, mwaka wa kufungwa kwenye chupa lazima uandikwe: tafuta Engarrafado em kwa Kireno, au mis en bouteille en kama lebo ni ya soko la Ufaransa na Ubelgiji. Ikiwa ni ya miaka miwili mitatu iliyopita, vizuri. Ikiwa imekaa miaka kumi na mitano, bei ishuke, hata kama muuzaji anakuambia, kama mjomba, kwamba imezeeka zaidi.

Halafu shingo. Porto halali ina karatasi nyembamba ya muhuri wa IVDP shingoni, yenye namba. Pitisha kidole gumba chini ya kifuniko: ukihisi kunata, divai imevuja, na imevuja kwa sababu ilipata joto. Tawny inavumilia joto kuliko divai nyekundu ya kawaida, imeshazoeana na hewa na ina pombe na sukari ya kuilinda, lakini haiwezi kila kitu. Mizigo yetu mingi inapanda kutoka kusini kwa lori, inavuka Zambia, inapanga foleni mpakani Kasumbalesa juani, siku kadhaa wakati mwingine. Kisha inawekwa dirishani ili ipendeze. Niliwahi kununua ya 20 kwenye duka moja la katikati ya mji, ilikuwa ya mbele kabisa dirishani, inang'aa na jua la saa nane kama taa ya madhabahu. Nilipoifungua ilikuwa na ladha ya zabibu zilizochemshwa. Nilirudi dukani, nikaambiwa porto ndivyo ilivyo. Siku hizi naomba ile ya nyuma, iliyo kwenye katoni, na muuzaji akikataa kuifungua naondoka.

Kwenye rafu hizo hizo utakutana na Cape Tawny ya Afrika Kusini. Usiidharau. Zamani walikuwa wakiiita porto, kisha mapatano na Umoja wa Ulaya yakawataka waliache jina hilo, wakaweka Cape. Eneo la Calitzdorp ndilo linalosifika kwa divai za namna hii, na Boplaas na De Krans ni majina ya huko. Nayo huzeeka kwenye mbao, na safari yake kuja kwetu ni fupi. Kwa anayeanza, Cape Tawny nzuri ni shule bora kuliko porto ya 20 iliyopikwa dirishani. Muuzaji anayekuambia kwamba hiyo ni porto ya Ureno, huyo ndiye wa kuogopwa.

Kizibo pia kinakupa habari. Tawny nyingi zina kizibo kifupi chenye kichwa cha plastiki au cha mbao, kinachotolewa kwa mkono na kurudishwa. Maana yake ni kwamba haikutengenezwa ili ilale miaka mingi; chupa ikae wima, gizani, mbali na jiko. Ukikuta kizibo kirefu cha kutolewa kwa kizibuo, na lebo inasema Vintage, hiyo ndiyo ya kulaza.

Nini kilitokea Kampemba

Wakwe walipoondoka, tulibaki sita mezani na chupa ya mjomba ikiwa imebaki nusu. Nilikuwa na 10 nyingine kwenye gari, ya nyumba ile ile, iliyofungwa mwaka 2023. Nikaomba ruhusa. "Baba, naweza kuleta ndugu yake mdogo?" Akakubali kwa kichwa.

Tulimimina bila kusema ipi ni ipi. Yake haikuwa imeharibika. Ilikuwa tamu, laini, yenye kahawa kidogo, lakini fupi, kama mtu anayeanza hadithi na kusahau mwisho wake. Ile ya 2023 ilikuwa na chungwa, ilikuwa na tini, ilibaki mdomoni. Mjomba alinusa zote mbili muda mrefu, akaonyesha ya pili: "Hii njo ya kwangu." Hakuna aliyejibu. Akageuza chupa mbili ili asome nyuma, akaomba mtu amwashie tochi ya simu, akasoma 2008 kwenye moja, 2023 kwenye nyingine. Alikaa kimya. Kisha akauliza, kwa sauti ya mtu anayeuliza bei ya mahindi, kama ile ya pili ikifunguliwa inaharibika kesho.

Haiharibiki kesho, na hilo ndilo zuri la Tawny kwa watu wasiokunywa kila siku. Imeshakula hewa miaka yote pipani, hewa ya chupa iliyofunguliwa haiitishi upesi. Ya 10 na 20, ikirudishiwa kizibo na kuwekwa kwenye friji, inakaa mwezi mmoja na zaidi ikiwa na ladha yake. Ya 30 na 40 mimi huzimaliza ndani ya wiki tatu nne, maana harufu zake za juu ndizo za kwanza kuondoka. Friji ikikosa umeme siku mbili haina neno, mradi chupa isitoke kivulini. Naandika tarehe ya kufungua kwa kalamu kwenye kipande cha plasta na kukibandika shingoni. Mjomba ameanza kufanya hivyo pia, ila yeye anaandika na saa.